Vivuli vya Lampoh Paya

Kivuli kilikuwa kimelala juu ya kifusi cha lango la zamani, kidogo, chembamba, na hakikuwa na mwenyewe.

Keumala aliikuza picha mpaka ikapoteza sura, akaipunguza, akaikuza tena. Vitu vingine vyote vilikuwa mahali pake. Mchanga umemwagwa upande wa mashariki, nondo za ukuta mpya zimesimama, mafundi wadogo kama punje za mchele, na kila fundi ana kivuli chake kinachoelekea magharibi, maana setilaiti hupiga picha ile asubuhi, jua likiwa bado upande mmoja. Kile cha langoni kilielekea magharibi pia. Kilikuwa na kichwa na mabega. Ila pale kilipoanzia hapakuwa na mtu.

"Bang Yus, hebu njoo utazame hapa."

Yusnadi, mkuu wa ofisi ile ndogo ya ramani mjini Banda Aceh, alikuja na glasi yake ya kahawa, akainama.

"Mlingoti huo."

"Mlingoti gani wenye mabega?"

"Basi mbuzi."

"Mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kula, kama tunavyotakiwa sisi. Keumala, umekosa mchumba, sasa unachumbia vivuli! Picha zikiunganishwa hukosana, unalijua hilo kuliko mimi. Tia alama ya ukuta, tuma ripoti, twende zetu."

Alicheka, naye Keumala akacheka kwa heshima, akatuma ripoti.

Kazi yao ilikuwa kuufuata ujenzi kutoka juu. Makaburi ya pamoja ya Lampoh Paya, walikozikwa maelfu waliochukuliwa na lile wimbi la tsunami, yalikuwa yakijengwa upya: ukuta, lango, msikiti mdogo, uwanja wa kusomea dua. Wafadhili walikaa mbali na walitaka kuona. Kila mwezi ilikuja picha mpya, Keumala akailaza juu ya ile ya zamani na kuonyesha kilichoongezeka. Wapo walioiona kazi kavu. Kwake haikuwa kavu hata kidogo, kwa sababu mdogo wake Munawar huenda alikuwa mle ndani. Huenda tu. Matingatinga yalizika bila kupumzika siku zile, wala hakuna aliyeuliza huyu wa nani. Mama yao ndiye aliyeamua kwamba yumo, kwa kuwa mzazi lazima awe na pahali pa kwenda kuomba dua.

Picha ya mwezi uliofuata ilipokuja, Keumala hakuangalia ukuta kwanza. Aliangalia lango.

Kivuli hakikuwepo. Akashusha pumzi, akajiona mpumbavu, akaanza kazi. Ndipo alipoviona barabarani, nje kabisa ya makaburi, vimetawanyika kwenye njia zinazoingia mitaani: kimoja kirefu kando ya duka la mbao, viwili vimeshikana mikono darajani, kimoja mbele ya shule, vyote vikiwa havina watu, na kimoja kidogo, chembamba, kikiwa kwenye kona ya mtaa wao, nyumba ya tatu kutoka kwao.

Safari hii hakumwita Bang Yus. Alizima kompyuta, akavaa kofia ya pikipiki mbele nyuma, akaivua, akaivaa tena.

Nyumbani alimkuta mama yake ameketi kwenye ngazi ya nyuma, anachambua mchele. Uani kulinuka tope. Si tope la mvua. Lilikuwa tope jeusi lenye chumvi na mafuta, lile ambalo watu wa pwani ile walilinusa mara moja tu maishani wakaomba wasilinuse tena. Na kutoka bafu la uani, ambalo mlango wake wa bati ulikuwa umefungwa, ilisikika kata ikichota maji na kuyamwaga, ikichota na kuyamwaga, kwa haraka haraka, jinsi watoto wanavyooga wakihimizwa.

"Mak, nani anaoga?"

"Hakuna mtu," mama alisema bila kuinua macho. "Bomba linavuja."

"Bomba halishiki kata, Mak."

Mama aliweka ungo chini. Alimtazama binti yake, na usoni mwake hamkuwa na hofu. Hilo ndilo lililomtisha Keumala kuliko ile sauti.

"Sema polepole, utamshtua," alinong'ona. "Huja asubuhi, wewe ukiwa kazini. Anaoga kwanza, maana ana tope. Kisha anasimama hapa chini ya ngazi na kuniuliza, 'Mak, niingie?' Nimemwambia asubiri kidogo."

"Astaghfirullah! Mak, usimjibu!"

"Nimjibu nini sasa, mwanangu? Anaita kwa sauti ya mdogo wako."

Kata ilinyamaza. Mlango wa bati ukatikisika kidogo, kama mtu mfupi anahangaika kulifikia komeo, na Keumala, aliyekuwa na shahada ya chuo kikuu na pikipiki aliyoilipia mwenyewe, alimshika mama yake kwapani akamvuta ndani, akafunga mlango wa jikoni kwa kitasa, kwa komeo na kwa gunia la mchele, akaketi juu ya gunia hilo akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti iliyokatikakatika mpaka harufu ya tope ilipofifia na muadhini akaadhini adhuhuri.

Jioni ile ile alikwenda kwa Teungku Jakfar, mzee wa dini wa Lampoh Paya, mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Alimkuta akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Teungku alimsikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa grisi.

"Waliokufa wana shughuli zao, binti," alisema. "Hawaogi kwa watu. Huyo ni mwingine. Niambie, ardhi ilipozwa?"

Kupoza ardhi ni jambo ambalo hakuna Mwaceh anayelisahau. Huwezi kuchimba msingi kabla ya kunyunyiza maji kwa majani, kurusha mchele na kuweka sahani ya wali wa kunata, ili pahali papoe na wanaohusika waridhike.

"Ilipozwa, Teungku. Walikuja watu wengi. Wewe ulikuwa umra. Imamu alitoka mjini, kila familia ikasimama na kutaja jina la mtu wake kwa sauti. Mak alimtaja Munawar. Alitaja hata jina lake la nyumbani."

"Walisimama wapi?"

"Katikati ya makaburi."

"Nimekuuliza wapi. Katikati aliionyesha nani, na pale palikuwa pameshavunjwa ukuta na kusawazishwa pote ikawa udongo mtupu?"

Katikati aliionyesha Keumala mwenyewe. Mkandarasi alimpigia simu kuomba mahali penyewe, watu wanasubiri, hema limeshafika, naye akaipima katikati kwenye picha mpya, akaitia nukta na kumtumia. Picha ikishuka kutoka juu haikai sawasawa na ardhi. Huteleza, na kila mwezi yeye huisogeza mpaka pembe ya msikiti wa mtaani ikae juu ya pembe ileile ya picha ya zamani. Siku ile Bang Yus alikuwa amesimama nyuma yake akihimiza. Keumala hakuisogeza.

Alitoa simu mfukoni, akaiweka nukta ile juu ya picha iliyosawazishwa, akampa Teungku. Nukta ilikuwa nje ya ukuta. Ilikuwa upande wa kinamasi, kwenye kichaka cha mikadi kilichokatwa na tingatinga siku moja kabla ya sherehe.

Teungku Jakfar aliitazama. Mnyororo ulimponyoka.

"Hapo pana mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Babu yangu alikuwa akizunguka mbali kupakwepa. Mmemkatia nyumba, halafu mkamlisha wali, mkamnyunyizia maji ya baridi, mkasimama mbele yake mmoja mmoja mkimpa majina ya watoto wenu. Sasa mnashangaa nini akija kuitikia?"

"Na akiingia ndani?"

"Hatoki. Atakula kwenye nyumba hiyo mpaka aliyemwita aishe. Hamtamwona akila, mtamwona mama yako akikonda." Akajifuta mikono. "Lakini alichopewa kwa mdomo huchukuliwa kwa mdomo. Kila aliyetaja jina arudi palepale na kumnyang'anya. Yeye mwenyewe. Siwezi kumsemea mtu, wala wewe huwezi."

Walikwenda Ijumaa baada ya sala, familia zote, kimya kimya, wengine wakilia, kwa kuwa kumbe kila nyumba ilikuwa na sauti yake na kila nyumba ilikuwa imeificha. Mwenye duka la mbao alikuwa akiitwa na mkewe. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa akisikia mapacha wake darajani. Teungku alisimama kwenye visiki vya mikadi, harufu ya tope ikiwa nzito mpaka watu wakafunika pua kwa mitandio na kofia, na maji ya kinamasi, ambayo hayakuwa na upepo wala samaki, yalikuwa yakichotwa na kumwagwa, yakichotwa na kumwagwa, mbele ya macho yao, bila mkono wa mtu, huku mmoja baada ya mwingine wakisogea, wakiinama na kusema, "Jina nililokupa si lako. Ni la mtu wangu, na mtu wangu ni wa Mungu."

Mama yake Keumala alikuwa wa mwisho. Aliinama. Midomo yake ilicheza. Maji yakatulia.

Kisha wakaenda wote katikati ya makaburi, katikati ya kweli, wakapoza ardhi upya.

Hapakunuka tope tena. Watu walianza kusalimiana kwa sauti. Bang Yus, aliyekuwa ameambiwa yote na hakuyaamini, alinunua kwa ajili ya ofisi nzima chupa ya maji yaliyosomewa dua, akaiweka juu ya printa. Mama alirudiwa na rangi yake, akaimba jikoni, akapika jodari mkavu wa kukaanga kwa majani ya mchuzi, na Keumala akalala usingizi aliokuwa ameukosa. Alikuwa na furaha, tena furaha ya kweli. Alikuwa amemrudisha mama yake.

Picha mpya ilikuja. Ukuta ulikuwa umekamilika, lango jipya limesimama, barabara nyeupe na safi. Alikagua daraja, duka la mbao, shule. Hapakuwa na kitu. Kwa kujifurahisha tu aliisogeza picha mpaka kwenye paa la nyumba yao.

Uani, chini ya kamba ya kuanikia nguo, alisimama mama yake, punje moja, na kivuli chake kikielekea magharibi. Kivuli kile kilikuwa kimemshika mkono kivuli kingine.

Hakukumbuka jinsi alivyofika nyumbani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alikuwa mezani akimenya vitunguu, na alipomwona binti yake amesimama pale anahema, alikuwa ameshajua.

"Mak. Kwenye mikadi. Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilichezesha midomo tu."

"Si yeye, Mak!" Machozi yalikuwa yakimtoka Keumala. "Teungku amekuambia, si yeye!"

"Unadhani mimi mjinga? Munawar angekuwa mwanamume mzima leo, ana ndevu, ana mke wa kunisumbua. Huyu ana miaka sita na hakui. Najua si yeye." Alifuta kisu kwenye kanga yake polepole, na Keumala akaona jinsi mkono ule ulivyokonda, mifupa yote ikihesabika. "Lakini kila asubuhi kuna mtu ananiita Mak kwa sauti ile."

"Mimi pia nakuita Mak."

"Ndiyo," mama alisema kwa upole. "Ukiwa unatoka."

Nyuma ya pazia la chumba cha ndani kulikuwa na sauti ndogo ya kijiko kwenye sahani, ambayo Keumala alikuwa akiisikia tangu aingie bila kutaka kuisikia. Kijiko kilinyamaza.

"Mak," iliita sauti ya mtoto, mdomo umejaa wali. "Nani huyo?"

Mama aligeuka kuelekea pazia, uso wake umechanua.

"Si mtu, mwanangu," alijibu. "Kula."