Gurudumu Lililofumuliwa

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, gurudumu la baiskeli lilikuwa limefungwa kwenye kishikilio chake na tundu la valvu, la kuingizia upepo, lilikuwa wazi. Hilo ndilo lililomkasirisha Mshonaji.

Alhamisi jioni alipoliacha, tundu hilo lilikuwa limezibwa na spoki mbili zilizopishana juu yake. Ni kosa la mtu anayesuka gurudumu kwa mara ya kwanza. Huanza spoki moja pembeni ya pale panapotakiwa, huendelea kwa uhakika mpaka mwisho, ndipo anagundua kwamba mdomo wa pampu haupiti. Dawa yake ni kufumua zote. Kufumua alikujua, riziki yake ilikuwa cherehani. Ndiyo maana alidamka, akavaa suruali ya jinzi na fulana iliyochakaa, akaja kabla karakana haijajaa watu.

Kumbe kazi ilishafanywa. Alilisukuma gurudumu kwa kidole, likazunguka bila kuyumba hata kidogo.

Wa kufanya hivyo alikuwa mmoja tu. Karakana nzima ilimwita Kimya, kwa kuwa hakuwahi kunyamaza. Walikutana kwenye taa za njia panda, honi zikipigwa kila upande, gauni la njano la Mshonaji likiwa limeng'atwa na mnyororo wa baiskeli yake. Kimya alipiga magoti katikati ya barabara, akauzungusha mnyororo kinyumenyume, akalitoa gauni bila kulichana.

"Gauni limepona," alisema. "Mwenye gauni je?"

Mshonaji alicheka, na Jumamosi iliyofuata alikuja karakana ya mtaa kujifunza. Kimya alikuwa fundi wa kufundisha pale. Kucheka kukaendelea, simu zikafuata, na katikati ya mapenzi hayo Mshonaji akapenda kitu kingine: meza ya pembeni ya dirisha, iliyokuwa haina mtu. Karakana ilimpa meza mwanafunzi aliyesuka gurudumu peke yake, bila mkono wa mwingine. Akishaipata, hupokea kazi zake na kufundisha wageni. Ukaguzi ulikuwa leo.

Kimya aliingia na shati la bluu lililopigwa pasi, akinukia sabuni.

"Mpenzi, umeniwahi!"

"Usiniite mpenzi. Nani amefumua gurudumu langu?"

"Kwani halijakaa vizuri?"

"Nimekuuliza nani."

"Mimi. Jana nilikuwa napita tu, nikaona..."

"Ukapita tu, ukafumua spoki zote? Wewe ukipita ni mtu au kimbunga?"

"Taratibu, roho yangu. Nilitaka upate meza."

"Ningeipata."

"Kwa gurudumu lile? Pampu isingeingia."

"Niliona Alhamisi! Niliondoka nikijua, na leo nimekuja kulifumua. Ungeniuliza, ningekwambia. Hukuuliza kwa sababu ulishaamua siwezi."

"Sijasema huwezi."

"Mikono yako imesema."

Kimya alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Tunaojua ni wawili tu."

"Hao wawili wananitosha."

Msimamizi wa karakana aliingia kukagua. Alikuwa dereva mstaafu wa lori, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Alilizungusha gurudumu, akainama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hongera, mwanangu. Safi kabisa."

"Mama, hilo si langu."

"La nani?"

"La fundi wako."

Msimamizi alivua miwani, akamtazama Kimya. "Wewe, kweli?"

"Kweli, Mama."

"Toka nje. Leo humu huna kazi." Akamgeukia Mshonaji. "Na wewe unataka nini?"

"Niruhusu nilifumue, nianze upya."

"Kuna wengine wanaingojea hiyo meza."

"Nikishindwa, wapewe."

"Tunafunga saa kumi. Jioni sisubiri mtu."

Spoki zilianguka mezani moja baada ya nyingine, kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika. Mchana simu iliita. Mikono ilikuwa na grisi, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Unasemaje?"

"Nipo kwa muuza chai hapo mbele. Umekula?"

"Hasira zimenishibisha."

"Nisikilize. Asubuhi nilikudanganya. Sikufanya ili upate meza. Niliogopa ukiikosa utakata tamaa usirudi tena. Sasa mimi Jumamosi nije kumtazama nani, Mama na miwani yake?"

"Nasikia!" Msimamizi alisema kutoka meza ya pili.

Mshonaji hakucheka. "Kwa hiyo ulijifanyia mwenyewe."

"Ndiyo."

"Hilo ni baya zaidi."

"Najua. Ila ndio ukweli wenyewe."

"Basi ukae nao huko huko. Mimi nina kazi."

Safari hii alianza kwa kulitafuta tundu la valvu, akahesabu kutoka hapo. Alipokosea spoki ya kupishana, aliirudisha nyuma mwenyewe. Karibu na saa kumi Msimamizi alikuja, akalizungusha gurudumu. Liliyumba upande mmoja.

"Linacheza."

"Kidogo."

"Hicho kidogo unakiondoa lini?"

"Sasa hivi." Akalegeza upande mmoja, akakaza wa pili, akazungusha, akakaza tena. Msimamizi alitazama mpaka gurudumu likatulia, akachukua pampu, akaupitisha mdomo wake kati ya spoki. Ukaingia.

"Si zuri kama la fundi," alisema, "lakini litabeba mtu. Meza ni yako."

Nje, Kimya alikuwa amesimama na shati lililokunjamana.

"Umepata?"

"Nimepata. Na sijakusamehe."

"Sijaomba bado."

"Unangoja nini, mwaliko?"

"Nisamehe. Sitagusa tena kazi yako bila kukuuliza. Hata ikiungua."

"Ikiungua, gusa, mjinga wewe!"

Mshonaji alishika usukani wa baiskeli yake, akaanza kutembea. Kimya akafuata upande wa pili. Walipofika kona ya pili walikuwa bado wanagombana, na baiskeli ilikuwa katikati yao, haina aliyeipanda.