Anayecheka Anaosha Masufuria

Kila jioni, mlo ukiisha, Babu fundi saa alianza uchokozi wake. Alitaja kitenzi cha Kiingereza, kile kisichosikika mara kwa mara, na wajukuu wakataja umbo lake la jana, yaani la wakati uliopita.

"Smite!"

"Smote!"

Aliyekwama alibuni lake, ila kwa uso mkavu kama wa hakimu. Aliyecheka aliosha masufuria. Babu mwenyewe aliapa kwamba ujanani alipiga chafya iliyosimamisha saa zote za mtaa. Chafya kubwa kama ile, alisema, haiwezi kuitwa "sneezed" kama za watu wengine. Ile ni "snoze".

Bingwa wa uso mkavu alikuwa mjukuu wake, Kidomo.

Shuleni, timu ya mashindano ya Kiingereza ilibakiwa na nafasi moja. Waliokuwa wakiiwania ni Kidomo na mwenzake wa dawati, Miwani. Asubuhi ya jaribio Miwani alimnong'oneza, "Shoga, hebu nikumbushe. 'Sneeze' ya jana ni ipi?"

"Snoze," alijibu Kidomo, hata kope haikutikisika.

"Asante! Umeniokoa."

Kidomo akafungua kinywa amwambie ni mzaha. Akaikumbuka ile nafasi moja. Akakifunga.

Majibu yaliposomwa, Miwani alishindwa kwa alama moja, ile ya "sneeze". Mwalimu alipoandika jina la Kidomo ubaoni, darasa zima lilikuwa likimcheka Miwani.

"Snoze! Umeiokota wapi?"

"Labda nilisikia vibaya," alisema Miwani, macho chini.

Kidomo akasimama. "Hakusikia vibaya! Nimemdanganya mimi. Ni neno la nyumbani kwetu."

"Neno la kijinga!" mmoja akapaza sauti.

"Koma! Neno letu halina kosa, mwenye kosa ni mimi. Mwalimu, nafasi hiyo ni yake."

Mwalimu akafuta jina la Kidomo na kuandika la Miwani.

Jioni Babu alisikiliza yote, akamsukumia masufuria.

"Lakini sijacheka!"

"Osha."

"Naosha. Ila mchezo siachi, Babu!"

"Nani kakwambia uache? Mzaha ni wa wanaojua kwamba ni mzaha. Mtu akikuuliza kwa kukuamini, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo itakunyima kitu."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Miwani.

"Shikamoo, Babu. Nimekuja kujifunza huo mchezo."

"Marahaba, mjuku..." Babu akapiga chafya, vifuniko vikalia.

"Babu snoze," alisema Kidomo kwa uso mkavu.

Miwani akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kidomo akasogea kando, akamwachia beseni la masufuria.