Kaimu wa Tusekile

Kaimu wa Tusekile alikuwa anaosha vyombo huku anaimba ovyo, anaruka ubeti wa pili na kuchanganya maneno ya ubeti wa tatu, na Tusekile mwenyewe, aliyekaa kwenye kigoda nyuma ya mlango wa jiko la mjomba wake, alijiziba mdomo asicheke. Siku zote alijua kwamba anaimba vibaya, ila hakujua ni kiasi kile. Kaimu alisuuza sufuria, akaikung'uta hewani, akaipindua juu ya kichanja, kisha akajifuta mikono kwenye khanga kwa upande wa nyuma, penye kiuno. Yote hayo yalikuwa ya Tusekile. Hata kule kuupumzisha mguu wa kushoto juu ya wa kulia kulikuwa kwake.

"Umeridhika?" kaimu aliuliza bila kugeuka.

Sauti ilikuwa yake pia. Tusekile akasema ameridhika, akakisogeza kigoda nyuma kidogo.

Miaka ile makaimu walikuwa wameshazoeleka katika jiji la Tukuyu. Tangu vielea, vyombo vya angani, vianze kutia nanga kwenye mnara wa kilimani, watu walisafiri kana kwamba wanakwenda sokoni, na aliyesafiri aliacha kaimu nyumbani. Kazi ilianza na kinasa-tabia, kidude kidogo mfano wa kifungo cha shati, ambacho msafiri alikivaa shingoni kwa wiki kadhaa. Kilisikiliza anavyocheka, kikapima anavyotembea, kikajua anaamka saa ngapi na anaanza na kazi gani. Kisha yote yakamiminwa katika akili unde ya kaimu, na mwili wa kaimu ukafinyangwa kwa utomvu laini wenye joto la mtu. Wengine waliwaachia makaimu watoto wao. Wengine walimwachia kaimu mume, na hayo ya waume tuyaache.

Tusekile alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha maji, na likizo ile alikuwa amechaguliwa kwenda ughaibuni, kaskazini kabisa mwa dunia, kujifunza kupanda barafu kama mtu anavyopanda mbegu. Huko wataalamu walikuwa wamegundua namna ya kulaza nyuzi nyembamba juu ya mwamba, nyuzi zinazolifukuza joto mchana na usiku, mpaka ukungu unaopita unakamatika na kuganda, tabaka juu ya tabaka. Kilele cha Kilimanjaro kilikuwa kimebaki mwamba mtupu tangu kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa ameuona mlima ukiwa mweupe kwenye picha tu, na mara nyingi aliota anatembea juu ya weupe ule peku, bila kuhisi baridi, huku mbegu za barafu zikimdondoka mkononi. Akiamka hushindwa kumweleza mtu yeyote ile furaha.

Maandalizi yalifanyika nyumbani kwa mjomba Lusajo, mtaa wa pili. Sanduku lilikaa huko. Koti zito, soksi za sufu, majani ya chai aliyofungasha ili asije akanywa vya watu tu, vyote vilikaa huko. Kaimu naye alikaa huko, akingoja zamu yake. Vilifichwa kwa sababu Bibi Subilaga, aliyemlea Tusekile tangu akiwa mdogo, hakuwa ameambiwa kwamba mjukuu wake anasafiri, na wala asingeambiwa.

Uamuzi ulikuwa wa mjomba. Bibi kumbukumbu zake zilikuwa zinakuja na kukatika kama umeme wa zamani, na moyo wake haukuwa mzuri. Tena kulikuwa na habari ya mama yake Tusekile, aliyekwenda ng'ambo kufanya kazi ya uuguzi, akafika salama, akapiga simu ya furaha, kisha akaugua huko huko asirudi tena. Tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyesafiri. Mjomba alisema mama yake akiona sanduku lingine mlangoni hataamka kesho yake. Kaimu ataingia, Bibi hatajua, likizo itakwisha, Tusekile atarudi, nani kaumia? Tusekile alikubali upesi. Alijiambia amekubali kwa ajili ya moyo wa Bibi, lakini ukweli ni kwamba aliogopa kulisema neno lile mbele ya uso ule.

Jioni ya mwisho walikula kande pamoja. Bibi alimwangalia kwa muda, kijiko kimesimama njiani.

"Una nini leo, mama? Mbona unanitazama kama unanihesabu?"

"Sina kitu, Bibi. Ni usingizi tu."

Bibi akarudi kwenye kande yake. Tusekile akaosha vyombo, hakuimba.

Aliondoka alfajiri. Manyunyu ya Tukuyu yalikuwa yamepita yakaacha uwanja laini, na ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye vizingiti. Kaimu alikuwa ameshaingizwa na mjomba kwa mlango wa nyuma, uliokuwa na njia ya mawe. Tusekile alitoka kwa mbele, viatu vyake vipya vya barafu vikizama udongoni, akafungua geti kwa hadhari lisilie, akaenda zake bila kugeuka.

Kielea hakikuwa na mngurumo. Kilikuwa chombo kikubwa, kipana, chepesi, kilichonyanyuliwa na hewa iliyopashwa joto na jua, na kilisogea polepole kwa sababu wenye haraka walikuwa na vyombo vingine. Sakafu yake ilikuwa ya kioo. Abiria walivua viatu, wakalala kifudifudi juu ya mito, wakaitazama dunia ikipita chini yao: mashamba ya chai, ziwa refu lenye rangi ya moshi, kisha mawingu, kisha mawingu tena. Watu walizungumza kwa kunong'ona ingawa hakuna aliyewaambia wanong'one. Tusekile alisikia usingizi na hali hakulala, na ilimwia vigumu kujua kama kielea ndicho kinachokwenda au nchi ndiyo inayoondolewa taratibu chini yake. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa safari aliyoiota, naye alikuwa na huzuni, akaona haya kuwa na huzuni.

Kwenye begi alikuwa na miwani-mbali. Ukiivaa unaona anachokiona kaimu na kusikia anachosikia. Ukibonyeza pembeni, kaimu ananyamaza, na wewe unasema na kutembea kupitia kwake. Shirika la Makaimu lilishauri msafiri asiguse kitufe kile siku za mwanzo, kwa kuwa hayo ndiyo huwachanganya wanaobaki. Tusekile aliapa kwamba ataangalia tu.

Aliivaa, akajikuta uwanjani kwao, ufagio wa chelewa mkononi.

Alielewa papo hapo kosa liko wapi. Kila asubuhi ya maisha yake alifagia uwanja, na kinasa-tabia kililiona hilo na kulishika. Lakini nyumba ile ilikuwa na mwiko. Mtu akisafiri, uwanja haufagiliwi mpaka zije habari kwamba amefika. Ukifagia unafuta nyayo zake, na asiye na nyayo nyumbani atarudi kwa njia gani? Mwiko huo kinasa-tabia hakikupata kuuona, kwa kuwa katika wiki zile hakuna aliyesafiri. Kaimu alikuwa mchapakazi mwaminifu, na alikuwa anakaribia kufagia alama za viatu zilizotoka mlangoni kwenda getini.

"Weka ufagio chini," Bibi alisema.

Alikuwa amesimama kizingitini na shuka lake la baridi mabegani. Kaimu akageuka, akacheka kile kicheko cha Tusekile cha kutaka kusamehewa, akasema uwanja umejaa majani. Bibi alishuka polepole, akainama penye zile alama, akazifuata kwa macho hadi getini, kisha akamtazama kaimu miguuni.

"Kuna mtu katoka humu," alisema. "Katoka, hajarudi. Sasa wewe ni nani?"

Kaimu alisema yeye ni Tusekile. Alisema kwa upole kabisa, kama alivyofundishwa, na Bibi akatikisa kichwa, akauketisha mwili wake kizingitini, mikono imefumbatwa mapajani. Hakupiga kelele, hakuita majirani. Alikaa tu akilitazama geti.

Tusekile, juu ya mawingu, aliinuka akaketi juu ya mto. Mjomba alikuwa amesema wazi: Bibi akijua, hataamka kesho. Kituo cha kwanza cha kielea hakikuwa mbali, na angeweza kushuka na kurudi. Angeweza pia kunyamaza, umeme wa Bibi ukatike tena na kufikia mchana awe amesahau. Wazo hilo la pili ndilo lililomtia uchungu zaidi, kwa sababu alijikuta analitamani.

Alibonyeza pembeni ya miwani.

"Bibi," alisema, na kule uwanjani mdomo wa kaimu ukasema naye. "Ni mimi. Huyo ni kaimu wangu. Mimi nipo safarini, nimeondoka alfajiri. Naenda kusoma kaskazini, nitarudi likizo ikiisha. Nisamehe sikukuaga. Niliogopa."

Bibi aliyaondoa macho getini, akautazama uso wa kaimu.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Angani, Bibi. Chini ni mawingu matupu."

"Umekula?"

"Bado."

Bibi akapumua kwa nguvu. "Jana mezani nilikuwa nangoja useme," alisema. "Nilijua kuna jambo. Kisha nikasahau nilichokuwa nangoja, ikabaki kule kungoja tu. Usiku kucha nimelala nangoja kitu nisichokijua. Hilo mlilonifanyia wewe na mjomba wako ni baya, mama."

Tusekile alilia. Kaimu hakuumbwa na machozi, kwa hiyo kule uwanjani uso wake ulibaki mkavu.

"Mama yako aliniaga," Bibi aliendelea, akiushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. "Alinishika hapa. Mpaka leo nikimkumbuka nashika hapa, hata siku ambazo nimesahau jina lake. Wewe ulitaka uniachie nini cha kushika?"

Tusekile akaomba aagane naye sasa, kama bado inafaa. Bibi alifikiri, akasema ya nini kuuliza, alete huo mkono.

Tusekile akanyoosha mkono juu ya sakafu ya kioo, na abiria wa jirani akamtazama kisha kwa adabu akageukia pengine. Kule Tukuyu kaimu akanyoosha wake. Bibi akaushika, juu kidogo ya kifundo, akautemea mate ya baraka kidogo, akasema aende salama, asome, asidanganyike na watu wa baridi, arudi. Tusekile aliona kila kitu na kusikia kila neno. Miwani ilileta sura na sauti. Joto haikuleta. Mkono wake mwenyewe ulikuwa hewani peke yake.

"Ndaga, Bibi," alisema, akishukuru kwa lugha ya nyumbani.

Baadaye Bibi alipokwisha kuingia ndani, Tusekile alimwomba kaimu amweleze mkono ule ulikuwaje. Kaimu alijibu kwa sauti ileile ya Tusekile, ila taratibu, akitafuta maneno. Vidole vya Bibi vilikuwa vya baridi, alisema. Cha shahada kilikuwa kikavu ncha. Alibana, akalegeza, akabana tena, kama mtu anayebisha mlango na kusikiliza. Tusekile alifumba macho na kuyapokea hayo, akajitahidi kuyaweka mkononi.

Mjomba Lusajo aliposikia alikasirika, kisha akaja kumwona mama yake, akamkuta anakunywa chai, akaketi kunywa naye. Bibi aliamka kesho yake. Aliamka na keshokutwa yake pia. Kuna saa alisahau na kumwita kaimu Tusekile, lakini akiona uwanja umejaa majani alikumbuka. Majani yalizidi kuanguka. Majirani wakauliza kulikoni, naye akawajibu kwamba ana mtu njiani. Kaimu, aliyenyimwa ufagio, alikaa kizingitini karibu naye, hana kazi, naye anatazama geti.

Kielea kilivuka jangwa, kikavuka bahari, kikaingia nchi ambako jua la kiangazi halitui, likizunguka tu pembezoni mwa mbingu, na watu hulala mchana wakidhani ni usiku, au pengine ni kinyume chake. Tusekile aliteremka akiwa na koti lake zito. Mbele yake mteremko wa mwamba ulikuwa umetandikwa nyuzi, na juu ya nyuzi palikuwa na weupe mwembamba, mpya, unaotoa sauti ndogo ya kupasuka. Alikuwa ameuota weupe ule. Hakuukimbilia. Kwanza alivaa miwani, akabonyeza pembeni.

"Bibi, nimefika."

Bibi akauliza mara mbili kama ni kweli. Alipohakikisha, alisimama kwa kushika bega la kaimu, akamwambia amletee ufagio, akainama mwenyewe na kuanza. Chelewa zilikwaruza udongo. Tusekile alikaa juu ya sanduku lake, katika jua lisilotua, akausikiliza uwanja wa kwao unafagiliwa, kutoka mlangoni, polepole, kuelekea getini.

Karibu na geti ufagio ukasita. Palikuwa na alama moja ya kiatu, ya mwisho kabla ya barabara. Bibi aliitazama kwa muda, akaenda ndani, akarudi na beseni la kufulia, akalifunika juu yake. Kisha akafagia pembeni yake, kulizunguka.

"Mama yako alipofika tulifagia pote," alimwambia Tusekile. Halafu, akiutazama uso uleule, akasema na kaimu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alimsemesha kama mtu mwingine, mgeni wa nyumba. "Na wewe, sikiliza. Hilo beseni lisiguswe mpaka mwenyewe arudi. Nikisahau kwa nini liko hapo, unikumbushe."