Mashine Isiyo na Kelele

Ijumaa, jioni.

Chumba cha nyuma cha fundi tairi kilinuka mpira na jasho. Msumari, mkuu wa genge, alichora ghala mezani kwa chaki.

"Simu ziko rafu ya juu, njia ya mwisho. Nyembamba. Foklifti ya kawaida ya kunyanyulia mizigo haipiti. Ni zile mbili tu zinazojikunja katikati. Ipi?"

Wote wakamtazama dereva wa mashine hizo. Ghalani walimwita Kiuno, na jina lilishamganda. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyemleta hapa. Lori la kubebea mzigo lilikuwa la shemeji.

"Ya umeme," Kiuno alisema.

"Ya gesi haichoki," Msumari alipinga. " Mtungi ukiisha, unafunga mwingine. Hiyo yako ikizima, tuisukume kwa mabega?"

"Haizimi. Jumamosi naichomeka kwenye chaji. Kila Jumatatu naikuta imejaa, waya umeshachomolewa. Ya gesi inanguruma, mlinzi atasikia mpaka getini."

"Akisikia, atasikia na hii." Msumari aligonga bastola chini ya shati.

Kiuno aliondoa macho kwenye shati hilo. Mlinzi alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea, ndiye aliyembembeleza meneja mpaka akampa kazi. Msumari hakujua hilo. Shemeji alijua, na alikuwa akitazama kucha zake.

"Ya umeme," Kiuno alirudia. "Hatasikia, hatatoka getini. Bastola ya nini?"

"Haya. Dereva kaamua."

Kiuno alirudi nyumbani akijiambia kwamba amemwokoa mzee. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Angetaka kweli kumwokoa angekataa kazi. Mlango ulikuwa wazi na miguu alikuwa nayo. Usingizi haukuja.

Jumapili, saa nane mchana.

Ufunguo wa Kiuno ulifungua mlango wa nyuma. Lori likarudi kinyumenyume mpaka kizingitini. Kwa mbali, getini, redio ya mzee ilikuwa ikiimba.

Kiuno alichomoa waya, akapanda. Mashine ikaondoka, magurudumu yakisugua sakafu tu. Kwa kuwa haisikiki, desturi ya ghala ilikuwa kupiga honi kila kona. Kiuno mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake. Leo kidole kilikwenda kwenye honi kwa mazoea. Akakirudisha.

Paleti ya kwanza ya makasha ya simu ikaingia kwenye lori. Ya pili.

"Moja ya mwisho! Fanya haraka!" Msumari alinong'ona.

Kiuno alishika paleti juu, akaishusha, akaanza kurudi nyuma kutoka kwenye njia. Hakugeuza shingo vya kutosha.

Kishindo kidogo. Kisha mtu akalia.

Alisogeza mashine mbele, akaruka chini. Mzee alikuwa ameporomoka kwenye nguzo ya rafu. Mguu ulikuwa umepinda pasipo na goti, na damu ilikuwa ikitanda sakafuni.

"Mwanangu? Ni wewe?"

"Baba mdogo! Umefuata nini huku?"

"Chaji. Si uliniomba niwe nakuchomolea Jumapili, betri isiharibike?"

Aliomba kweli. Mara moja, mwaka jana, kisha akasahau. Jumatatu zote alikuta waya umechomolewa, na hata siku moja hakujiuliza ni nani. Aibu ilimchoma kuliko hofu.

"Mbona hukupiga honi, mwanangu?"

Kiuno alipiga magoti kando yake.

"Baba mdogo?" Msumari alikuwa nyuma yao, bastola mkononi. Akamgeukia shemeji. "Ulijua?"

Shemeji alirudi nyuma kuelekea lori. "Tumwache tu. Kwa damu hiyo hafiki jioni. Risasi ya nini?"

Alisema hivyo juu ya mzee aliyekula naye kwenye harusi ya dada yake. Kiuno alimtazama, akajiona mwenyewe.

Alivua shati, akalifunga kwa nguvu juu ya goti la mzee kuzuia damu. Kisha akapanda mashine.

"Safi," Msumari alisema. "Malizia mzigo."

Kiuno aliweka kiganja juu ya honi, akakandamiza.

Ghala zima lilijaa ule mlio. Msumari alipiga kelele, akafyatua. Kioo cha taa ya mashine kikamwagika. Shemeji alikuwa ameshawasha lori, hakungoja mtu. Msumari alilikimbilia akitukana, akadandia nyuma.

Nje, watu wa gereji ya jirani walianza kuitana. Kiuno alisikia viatu vikija mbio. Alijua watamkuta, na alijua atasema kila kitu. Mzee alikuwa akimtazama, bado anapumua.

Hakuondoa mkono kwenye honi.