Pumzi ya Mwanakwaya

Kila jioni Kasian alipotoka mashineni, hakuruhusiwa kuingia ndani na shati lake. Hiyo ilikuwa sheria ya mkewe, Devotha. Shati lilivuliwa uani na kukung'utwa, na vumbi la mpunga likatimka mpaka kuku wakakimbia.

Hapo Ubaruku watu wanaishi na mpunga. Wanaulima, wanauanika, wanaukoboa na kuula, na vumbi lake linawaingia mpaka masikioni. Kasian alikuwa opereta wa mashine ya kukoboa kwa miaka kumi na minne. Alisimama pale pale zinapomwagika pumba. Alijifunga kitambaa puani, akaona inatosha. Devotha naye aliona inatosha.

Jumapili Kasian alikuwa mtu mwingine. Alikuwa besi wa kwaya ya parokia. Kwaya yao ina wimbo mmoja ambao mwisho wake ni "Amina" ndefu. Sauti nyingine zote zinanyamaza, besi inabaki peke yake. Devotha alizoea kuhesabu kimoyomoyo. Miaka yote mumewe alifika kumi na mbili kwa pumzi moja. Krismasi iliyopita alifika nne. Sauti ikakatika, akakohoa, na watu wakageuka kumtazama. Devotha aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kikohozi hicho hakikuwa cha jana. Kwenye zahanati walipima makohozi yake mara mbili wakitafuta kifua kikuu. Hakikuwepo. Akapigwa picha ya kifua, nayo haikuonyesha kitu. Lakini usiku kifua kilibana na kupiga filimbi, na asubuhi Kasian alikwenda kazini akiwa amechoka.

Siku moja ya Januari aliondoka peke yake. Alikuwa amesikia kwamba kuna kliniki barabarani yenye mashine ya kupuliza, inayopima mapafu. Alirudi mchana na karatasi mkononi. Hata shati hakukung'uta.

"Wamesemaje, Baba Lea?" Devotha aliuliza.

"Arobaini na moja."

"Arobaini na moja ya nini?"

"Asilimia. Mapafu yangu yamebaki arobaini na moja. Mengine yameshakufa, Mama Lea. Soma mwenyewe."

Kasian ni mtu wa kuamini karatasi. Umwambie jambo kwa mdomo, atakubishia mpaka jua lizame. Umwonyeshe karatasi yenye muhuri, amekwisha.

Kesho yake alikunja sare ya kwaya, akaipeleka kwa mwenyekiti. Hakusema sababu. Keshokutwa alimwonyesha Devotha hati ya shamba ilipo. Kisha alimpigia simu mdogo wake Fred, anayekaa Kihesa kule Iringa. Devotha alimsikia akisema, "Lea asiache shule, umenisikia? Hata nikiwa sipo." Devotha alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ilisimama. Aliogopa, na ndani ya woga huo kulikuwa na hasira. Mume wake alikuwa amesimama mbele yake, anaongea, anatembea, na tayari anajizika.

Jina la Kihesa ndilo lililomzindua. Agosti walikwenda huko kwenye harusi ya Fred, wakakaa wiki mbili. Kasian alipandisha makreti ya soda mlimani mpaka kwa Fred. Alicheza mpaka viatu vikachanika. Hakukohoa hata mara moja. Waliporudi Ubaruku, siku ya tatu tu kikohozi kikarudi.

"Baba Lea," alisema, "hayo mapafu yaliyokufa Ubaruku, Kihesa yalifufukaje?"

"Karatasi inasema..." Kasian alianza.

"Karatasi haikwenda harusini. Mimi nilikwenda."

Muuguzi wa zahanati aliwasikiliza, akawaandikia barua ya rufaa. Wiki iliyofuata walikuwa Mbeya. Kasian alivaa sweta mbili kwa sababu ya baridi, na alikaa kwenye benchi la hospitali kama mtu anayesubiri hukumu.

Aliyewapokea ni binti mmoja mchangamfu anayeitwa Jackline. Kazi yake ni kupima mapafu.

"Shikamooni."

"Marahaba, dada."

Jackline alimuuliza Kasian maswali mengi. Je, umewahi kukohoa damu? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Una ugonjwa wa moyo? Unavuta sigara? Leo umetumia dawa yoyote ya kifua? Kwa yote Kasian alijibu hapana. Kisha binti akamwambia avue viatu asimame ukutani apimwe urefu.

"Mimi naumwa mapafu," Kasian alisema. "Urefu wa nini tena?"

"Baba, mtu mrefu ana mapafu makubwa kuliko mfupi. Kijana anapuliza kuliko mzee. Mwanamume na mwanamke hawalingani. Nisipojua wewe ni nani, nitakulinganisha na nani?"

Ndipo Devotha alipotoa ile karatasi ya kliniki. "Dada, tusaidie. Hii inasema mapafu ya baba huyu yamebaki arobaini na moja."

Jackline aliichukua. Hakuangalia namba kwanza. Aliangalia mchoro uliokuwa chini yake, akakunja uso.

"Kwanza, mama, hii asilimia si kipande cha pafu kilichobaki. Wala si maksi za mtihani. Kipimo kinauliza hivi: katika sekunde ya kwanza, baba ametoa hewa kiasi gani? Halafu kinamlinganisha na mtu mwenye afya, wa umri wake na urefu wake. Hapa wanasema ametoa arobaini na moja katika kila mia aliyotarajiwa kutoa. Hakuna aliyesema pafu limekufa."

Kasian aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Pili, hata hiyo arobaini na moja siiamini. Tazama mstari huu. Ulitakiwa upae mara moja, mkali kama kilele cha mlima, halafu ushuke. Huu umejikokota, mlima haupo. Tena walikupulizisha mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja hatusomi, baba. Tunataka tatu zilizo nzuri, tena zinazofanana. Kipimo kibaya ni kama mizani mbovu. Kitakupa namba, lakini namba ya uongo. Haya, kaa, nyoosha mgongo. Tupime upya."

Alimbana pua kwa kibanio na kumpa mrija. "Vuta hewa yote, ujae. Ziba mrija kwa midomo. Puliza!"

Kasian alijaa hewa mpaka sweta zikatanuka. Kisha akaanza kuitoa, polepole, kwa adabu, kidogo kidogo.

"Acha, acha," alisema Jackline. "Mbona unapuliza kama unapoza uji?"

Wakarudia. Ikawa uji tena. Kasian alitoka jasho licha ya baridi yote ile. Devotha alikuwa anatazama kifua cha mumewe kikishuka taratibu, kama alivyokitazama Jumapili nyingi, na mara akaelewa. Akacheka kwa sauti, mpaka akaona aibu.

"Dada, huyu ni besi wa kwaya! Miaka ishirini mwalimu anamwambia: pumzi ni akiba, usiimwage. Hapa anaweka akiba!"

Jackline naye alicheka. "Ndaga fijo, mama, asante sana. Umemaliza kazi yangu. Baba, kumbe na kule kliniki uliimba! Basi leo msahau mwalimu wa kwaya. Leo hatuweki akiba. Mwaga debe lote kwa mkupuo mmoja, halafu kamua, kamua, kamua mpaka niseme basi."

Kasian alivuta hewa. Akafyatua. Jackline akapaza sauti, "Endelea, endelea, bado ipo, kamua!" Kasian akawa mwekundu machoni. Walipumzika, wakarudia mpaka zikapatikana tatu zinazofanana. Kwenye kioo cha mashine kilionekana kilele cha mlima.

"Sasa tunaweza kusoma," alisema Jackline. "Mtu wa umri wako akitoa hewa yake yote, angalau sehemu saba kati ya kumi hutoka katika sekunde ya kwanza. Zako zimetoka sita. Na ukilinganishwa na wenzako, umefika asilimia sitini na sita. Kwa hiyo sikudanganyi, baba. Tatizo lipo. Njia za hewa zimebana. Lakini je, zinafunguka au hazifunguki? Hilo ndilo swali kubwa."

Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakasubiri dakika kumi na tano. Devotha alishika rozari ndani ya mkoba. Ndani ya dakika hizo alimwona Fred, alimwona Lea, aliona sare iliyokunjwa.

Alipopuliza tena, kilele kilipanda hata yeye akakiona.

"Zimefunguka!" Jackline alionyesha kwa kidole. "Mwanzo ulitoa lita mbili na kidogo. Sasa ni karibu lita mbili na robo tatu. Hilo ni ongezeko kubwa."

Karatasi ilikwenda kwa daktari, Anyitike, mzee mpole mwenye miwani. Naye hakuisoma peke yake. Aliisoma pamoja na ile picha ya kifua na majibu ya makohozi. Akamsikiliza Kasian mgongoni. Kisha akauliza, "Ukiwa nje ya kazi, kifua kinakuwaje?"

Kasian alimwangalia mkewe. Devotha akasimulia habari ya Kihesa yote, pamoja na makreti na viatu.

"Mama, hayo maneno yana uzito sawa na hii karatasi," alisema daktari. "Kipimo kinaonyesha njia zinabana na zinafunguka. Simulizi yako inaonyesha zinabana wapi. Hii ni pumu, na vumbi la mashine ndilo linaloichochea. Haitibiki kwa siku moja, lakini inatulia. Akiendelea kusimama kwenye pumba miaka mingine kumi, huenda njia zikakataa kufunguka. Kwa hiyo dawa peke yake haitoshi. Lazima atoke pale."

Alimwandikia dawa mbili za kuvuta. Moja ni kinga, ya kila siku asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima. Nyingine ni ya kufungua kifua kinapobana. "Na usiazime dawa ya jirani," alimwonya, "wala usiache kinga kwa sababu umepona wiki mbili. Kifua kikibana na dawa haifungui, usisubiri asubuhi, njoo hospitali."

Kabla hawajaondoka, Jackline alichukua chupa tupu ya maji, nusu lita, akatoboa tundu kwenye kitako na kuchomeka humo mdomo wa kikopo cha dawa ya kuvuta. "Tikisa. Weka mdomo kwenye chupa. Bonyeza mara moja. Sasa hapa, baba, ndipo pa kuimba. Vuta taratibu kabisa, shikilia pumzi, hesabu mpaka kumi. Ukimaliza dawa ya kinga, sukutua mdomo uteme."

Kasian alivuta, akashikilia. Alifanya vizuri mara ya kwanza. "Hii naijua," alisema, na Devotha akaona meno yake baada ya wiki nyingi.

Kazi ilibaki kwa Rabson, mwenye mashine. Alisikiliza huku amekunja uso.

"Kwa hiyo unaniachia mashine, Kasian?"

"Siachi, bosi. Nataka kuhamia kwenye mizani, kule wanakopokelea magunia. Na hizi pumba tuzitoe kwa bomba mpaka banda la nyuma."

"Wengine mbona hawalalamiki?"

Devotha alikuwa mlangoni. "Kaka Rabson, simama hapo kwenye pumba dakika tano, usikilize wale akina mama wanaopepeta chenga. Hesabu wanaokohoa."

Rabson alisimama. Hakumaliza dakika tano. Bomba la pumba liliwekwa mwezi wa pili, na barakoa za vumbi zikaletwa, zile zinazobana uso, kwa kila mtu anayekaa karibu na pumba. Kasian akahamia kwenye mizani. Sheria ya shati iliendelea uani, ila vumbi lilipungua na kuku hawakimbii tena.

Wiki moja kabla ya Pasaka walirudi Mbeya kupima. Kasian alifyatua mara tatu bila kukumbushwa. Jackline alisoma: sehemu saba na nusu kati ya kumi, kabla hata ya dawa. Kasian aliomba karatasi. Safari hii hakuikunja haraka. Aliweka kidole kwenye mchoro, na yeye mwenyewe akamweleza mkewe: hiki ni kilele, hizi ni tatu zinafanana, hapa ndipo tunasoma.

Sare alikwenda kuichukua Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa hajampa mtu.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje. Devotha alikaa mahali pake pale pale. Wimbo ulifika mwisho. Sauti ya kwanza ikanyamaza, ya pili, ya tatu. Besi ikabaki. Devotha akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne. Moyo ulisimama kwenye nne. Tano. Sita. Saba.

Alipofika nane machozi yalimchanganya hesabu, akaiacha. Mpaka leo hajui mumewe alifika ngapi.