Sindano ya Pili ya Noa

Asubuhi hiyo Noa alikuwa kwenye kitalu chake cha michungwa, huko Maramba. Kazi yake ni kubebesha miche. Huchukua chipukizi la mchungwa mtamu, akalipachika kwenye mche wa mlimao, akalifunga kwa nailoni. Siku hiyo kisu kilipita pembeni, kikamkata kidole.

"Cha tatu hicho wiki hii," alisema mkewe, Ritha. "Huoni, mume wangu."

Noa ana kisukari. Jicho la kushoto lilipotea kwa maradhi hayo. La kulia nalo lilianza kuvuja maji kwa nyuma. Katika kliniki ya macho mjini Tanga walimchoma sindano ya kwanza ya jicho, wakampa tarehe ya sindano ya pili. Hakwenda.

"Kompyuta yao ilitazama picha ya jicho langu, ikasema nitaona," alijibu. "Nikachomwe tena jicho kwa nini?"

Ritha hakubishana. Alikwenda kumwita jirani yao, Chiku, muuguzi wa macho aliyekuwa likizo.

"Shikamoo, baba Bryson," Chiku alimwamkia Noa.

"Marahaba. Umetumwa kunisema."

"Nimetumwa kukuuliza. Ukibebesha miche mia, hushika mingapi?"

"Themanini. Miaka ishirini naitazama, naijua."

"Na usipoimwagilia?"

Noa alicheka. "Hapo utapata kuni."

"Kompyuta ile imejifunza vivyo hivyo. Imeonyeshwa picha za macho ya wagonjwa wengi, na jinsi kila mmoja alivyoendelea. Ikatazama picha ya jicho lako, ikakadiria kuwa mengi ya aina hiyo hupata nafuu. Lakini wale walichomwa sindano zao zote. Wewe umeacha. Tena ni makadirio, si ahadi. Lazima daktari akupime kila mara."

Noa alikiweka kisu chini. "Na muda niliopoteza?"

"Hilo sijui. Twende kesho tukaulize."

Kesho yake kliniki, daktari alikuta maji yamezidi nyuma ya jicho. Alimwambia wazi kwamba huenda nuru isirudi yote. Noa akajilaza, akachomwa. Mwezi uliofuata akarudi, na uliofuata tena. Chai alikunywa bila sukari. Dawa za kisukari hakuziruka hata siku moja.

Baada ya sindano ya nne alisoma mistari minne ya herufi ukutani. Mwanzoni alisoma mmoja tu. Wa tano ulimshinda, lakini kitaluni kisu kilikuwa kimeacha kumkata.

"Tuone kompyuta inakadiria nini sasa?" daktari aliuliza.

"Itazame wewe, daktari," alisema Noa, akisimama. "Mimi niandikie tarehe."