Hodi ya Kumi na Moja

Sogea hapa, na hiyo simu iweke chini kidogo, nikutegee kitendawili. Nabisha hodi, najitaja mimi ni nani, mwenye nyumba anaitika kwa furaha, halafu ananikabidhi ufunguo wa jirani. Ni nini hicho? Usikimbilie kujibu. Mmoja aliniambia ni mgeni, mwingine akasema ni mkwe asiyependwa. Wote wamekosa. Kaa nacho tu, tutakifikia.

Palikuwa na binti mmoja, fundi wa kompyuta katika chuo cha wauguzi. Watu walimwita Sindano, kwa umbo na kwa ulimi: mwembamba, na akisema neno linaingia. Asubuhi moja alikuwa katika ofisi ya vifurushi, foleni imetoka mlangoni mpaka kwenye mizani, makarani wanaita namba, watu wanagombania kivuli. Amevaa koti lake la buluu la kazini, kilemba cha manjano, na hereni moja tu, maana nyingine aliisahau kwenye sinki. Mbele yake toroli lililojaa maboksi ya kompyuta mpya, na toroli limekataa kwenda.

"Kipenzi, gurudumu la nyuma limekula kamba."

Sindano akageuka. Mwanamume, shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, miwani inaning'inia mfukoni.

"Nani kipenzi?"

"Samahani dada, ni ulimi. Mimi kila mtu kipenzi. Yule karani kipenzi, mlinzi wa kazini kwetu kipenzi. Wameshanibandika jina, Bwana Kipenzi."

"Basi mimi nitoe kwenye hesabu."

"Nimekutoa." Akachuchumaa, akachomoa ile kamba, na alipokuwa chini macho yakatua kwenye maandishi ya boksi. Akapiga mluzi. "Hizi ni ARM! Na ule mtambo wenu wa kumwaga nakala unazifahamu?"

"Mtambo wetu unafahamu kompyuta zote."

"Za zamani, sawa. Hizi zina ubongo wa namna nyingine. Zitakugomea."

"Zikinigomea nitazichoma sindano."

"Hiyo siku unipigie, nije nishike mguu." Akacheka, akampa namba. "Sikutanii. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za maktaba kuu. Tumeletewa kama hizo hizo, na zimeninunia mpaka leo."

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo mapenzi yao hutayaelewa. Mtu mwenye chumba kizima cha kompyuta haziandai moja moja. Anaiandaa moja mpaka ikamilike, anachukua nakala ya diski yake nzima, anaiweka kwenye kompyuta kubwa inayoitwa seva. Halafu zile nyingine zikiwashwa, kila moja inaita kupitia waya: hodi, nipo, nipeni cha kuanzia. Seva inaipa kwanza faili dogo la kufungulia mlango, kisha kiini cha kuendeshea kazi, na mwisho inaimwagia ile nakala. Saa ya chai ikifika, chumba kizima kimefanana. Sindano alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Akaziunganisha zile mpya, akawasha, akakunja mikono kusubiri.

Kioo cheusi. Ikajizima, ikajiwasha, kioo cheusi. Ya pili vile vile. Zote.

Akachukua simu.

"Haloo, ni mimi wa toroli."

"Aaah! Zimegoma?"

"Nimekupigia kukusalimia."

"Zimegoma."

"Zimegoma, na usicheke."

"Sicheki."

"Mbona nasikia unacheka?"

"Huyo ni mwenzangu wa pembeni."

Hakukuwa na mwenzake yeyote pembeni. Jioni hiyo Bwana Kipenzi akafika chuoni na kompyuta yake ya mkononi, na karanga zimefungwa kwenye gazeti. Wakakaa bega kwa bega mbele ya seva. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Mfagiaji wa chuo akaanza kuwaachia mlango bila kuuliza.

Walikuwa wakibishana sana, na kubishana kwao kulikuwa kutamu. Mwanamume aliamini shida ni kiini, akawa anakitengeneza upya kwa ajili ya ule ubongo wa ARM. Sindano aliamini shida inaanzia mlangoni, kabla kiini hakijafikiwa.

"Wewe unanisumbua na mlango wako," mwanamume alisema.

"Na wewe unapika chakula cha mgeni ambaye hajaingia ndani."

"Nitakipasha moto."

"Kwani unajua kupasha?"

"Njoo siku moja uone."

Sindano akainamia kibodi asionekane anavyotabasamu.

Siku Bwana Kipenzi alipoletwa nyumbani kwa shangazi yake Sindano, yule aliyemlea, alibisha mlango kwa adabu zote.

"Hodi humu!"

"Nani?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Ni mimi, kipenzi!"

"Kipenzi cha nani? Wangu alishazikwa."

Kucheka kukawa kwingi siku hiyo. Akamwita shangazi kipenzi, akamwita paka kipenzi, akamwita jirani aliyekuja kuazima chumvi kipenzi. Na kila alipoaga alimwita Sindano hivyo hivyo. Maana lile la kumtoa kwenye hesabu alilisahau pale pale kwenye foleni. Sindano akacheka na wenzake. Lakini walipoondoka wote aliosha vyombo kwa nguvu mno.

Basi, mkuu wa chuo akamwita Sindano ofisini. Tawi jipya linafunguliwa mji mwingine, mbali, na chumba chake cha kompyuta kinahitaji msimamizi. Kazi nzuri, cheo kizuri. Amalize kwanza hizi mpya, kisha aseme kama anakwenda au hapana.

Jioni ile alimsubiri mwenzake. Alikuwa amevaa gauni la zambarau chini ya koti la kazi, na hereni zote mbili. Hakutaka azuiwe safari. Alitaka kuona tu kama mwenzake ataumia.

"Wanataka kunihamisha," akamwambia. "Mbali."

Mwanamume alikuwa ameshika waya. Akauweka chini, akatandaza tabasamu lake lote. "Hongera sana, kipenzi! Popote utakapokuwa, tutaongea tu."

Sindano akahisi kama amemwagiwa maji. Maneno hayo aliyajua, neno kwa neno. Wiki iliyopita alimsikia akimwambia hayo hayo kwa simu mlinzi wa maktaba aliyekuwa anastaafu.

Akageukia kioo. Siku ile alikuwa ametega programu ya kunasa kila kinachopita kwenye waya, aone mashine inasema nini na seva inajibu nini. Akaiwasha kompyuta moja mpya. Mistari ikaanza kushuka. Akasoma, akasoma tena, mwishowe akacheka kicheko kikavu.

"Njoo uone. Kila mashine ikibisha hodi inajitaja kwa namba ya jamii yake. Zile za zamani ni saba. Hii inasema mimi ni kumi na moja. Umeona? Imejitaja waziwazi. Na seva inajibu nini? Karibu, shika hili faili. Faili la nani? La saba! Haijasikiliza hata kidogo. Kila anayebisha inampa lile lile."

"Kumbe kweli ni mlango!" Mwanamume akapiga meza kwa furaha. "Kipenzi, wewe ni hatari!"

"Basi seva hii ni wewe."

Mkono wake ukabaki juu ya meza. "Mimi? Nimefanya nini?"

"Mlinzi kipenzi. Karani kipenzi. Paka kipenzi. Mimi nakwambia naondoka, unanipa jibu la mlinzi. Nikuulize kitu, na unijibu vizuri. Mimi nikibisha hodi kwako, unamfungulia nani?"

"Si wewe, kipe—"

Akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Nenda nyumbani," Sindano akasema taratibu. "Ukilipata jibu utaniambia."

Umeona sasa kile kitendawili changu? Ndiyo hiyo kompyuta, mwanangu. Imejitaja, ikapewa ufunguo wa jirani. Na msichana naye hivyo hivyo.

Sindano hakulia kazini, hakuwa mtu wa hivyo. Akaandika kanuni mpya kwenye seva: anayebisha asikilizwe kwanza, akisema saba apewe la saba, akisema kumi na moja apewe la kumi na moja. Akawasha. Kioo cheusi kikapambazuka, maandishi yakashuka, na mlango ukafunguka. Halafu yakasimama kati. Kiini chake hakipo. Kiini cha seva ni cha ule ubongo wa zamani, na mashine imekitazama ikaona hakisomeki. Na kiini cha ARM alikuwa nacho nani? Mtu mmoja tu.

Simu ikaita. Akaiona namba, akaigeuza kifudifudi. Ikaita tena. Akavua kilemba, akaifunga humo.

Aliporudi nyumbani alimkuta shangazi amekaa barazani, anachambua mchicha, uso una jambo.

"Mwenzio amekuja hapa."

"Mwenzangu nani?"

"Usinichezee, mimi siyo kompyuta. Amebisha hodi, nikauliza nani, akasema ni mimi, shangazi. Shangazi! Siyo kipenzi. Nimeshtuka, nikamgusa paji la uso, nikadhani ana homa."

Sindano akajikaza asicheke. "Amesema nini?"

"Ameniachia kidude hiki, ati ndicho kiini, kimekamilika, kwake kimekwama kwa sababu hana mlango. Mimi nikasema sawa, ingawa sijaelewa." Akatoa flashi kutoka kwenye khanga. "Nikamwambia ongea na mwenyewe. Akasema hawezi, mdomo wake una neno moja tu na hilo umelikataa, kwa hiyo anatafuta jingine. Akanitia huruma. Halafu akaniuliza swali la ajabu."

"Swali gani?"

"Ati huko unakotaka kuhamia, kuna maktaba?"

Sindano akakaa chini kwenye ngazi. Akashika tawi la mchicha, akaanza kuchambua, akatupa majani akabakiza vijiti. Shangazi akamnyang'anya.

Kesho yake asubuhi akakiweka kile kiini kwenye seva. Akaandaa kompyuta moja mpya mpaka ikakamilika, kwa sababu nakala ya zile za zamani isingefaa hata kidogo, ubongo haufanani. Akachukua nakala yake. Kisha akaziwasha zilizobaki. Zikabisha hodi. Seva ikasikiliza, ikatoa faili, ikatoa kiini, ikamwaga nakala, na vistari vya kijani vikaanza kutembea kwenye vioo vyote, taratibu, kama watoto wanaojifunza kutambaa. Wanafunzi wauguzi waliokuwa dirishani na makoti yao meupe wakapiga makofi. Mfagiaji akauliza, "Na yule bwana mwenye karanga je, hayupo kuona?"

"Hayupo," Sindano akasema, na makali yote ya ulimi yakamwishia.

Alipanda ofisini kwa mkuu, akamwambia kazi ile ya mbali anaichukua. Ilikuwa kazi yake, aliitaka, na asingeiacha kwa kusubiri neno la mtu. Halafu akashuka, akainakili ile kanuni yake ya mlango kwenye ile ile flashi. Kiini cha watu alikitumia, na mlango wao hawana. Lazima airudishe. Hivyo ndivyo alivyojiambia njiani, na gauni la zambarau alilivaa kwa bahati mbaya.

Chumba cha kompyuta cha maktaba kilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya rafu za magazeti ya zamani, penye harufu ya vumbi na gundi. Wasomaji walikuwa wameinamia vitabu. Mlango umefungwa, na kwa ndani feni inaguna. Sindano akarekebisha kilemba, akagusa hereni, akagonga.

"Hodi."

Feni ikaguna. Kiti kikasogea.

"Nani?"

Angeweza kutaja jina lake. Angeweza kusema ni mimi tu, nimeleta flashi. Akaweka kiganja kwenye ubao wa mlango.

"Kumi na moja."

Kimya. Kimya kirefu, kile cha mtu anayesikiliza kwanza kabla ya kujibu. Kisha hatua, zikaja mpaka upande wa pili wa ule ubao.

"Nimewaambia naenda," Sindano akasema, sauti imeshuka. "Na swali langu bado lipo pale pale. Nimebisha hodi. Unamfungulia nani?"

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kidogo, na kwenye upenyo ule akaonekana mwanamume, shati halijanyooshwa, miwani imekaa upande, macho mekundu ya mtu aliyehangaika kutafuta neno la mtu mmoja tu. Hakutabasamu lile tabasamu lake la watu wote.

"Mke wangu," akasema.